Siku Naledi Aliponitafsiri Neno kwa Neno

Kuna watu wakipata aibu wanaifunika, mimi ya kwangu naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana ukumbi ulijaa na nusu ya wale wanawake waliokuwemo nawasuka mimi, kwa hiyo nikinyamaza wataongea wao, na wakiongea wataongeza chumvi. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule mama wa mtaa wa Bertrams aliyekwenda kuwaambia wajumbe wa Bunge wawafungie watoto mitandao ya kijamii, akaumbuliwa na mtoto wake wa kumzaa mbele ya kipaza sauti huku mkoba wake unapiga vigelegele. Nilitamani sakafu inimeze. Na bado mkiniuliza leo, nitawaambia sijawahi kuringa maishani kama ninavyoringa nikiikumbuka siku ile. Subirini, mtaelewa.

Kwa asiyenijua, naitwa Mama Naledi, mzaliwa wa Morogoro, msusi, saluni yangu ni kile chumba kilichokuwa gereji ya mtu, ukitoka uwanja wa mpira ni mwendo wa dakika chache tu. Huku kwa Wazulu na Wasotho nililetwa na ndoa. Mume wangu Sello alizaliwa Morogoro wakati wazazi wake wako uhamishoni enzi za ubaguzi wa rangi, wakarudi naye huku kwao akiwa mdogo, na alipokuja ukubwani kutazama alikozaliwa ndipo akanikuta (yeye anasema alikuja kuangalia nyumba, mimi nasema alikuja kuniangalia mimi, tumebishana miaka kumi na tano sasa). Anaendesha basi la abiria upande wa Randburg, na Jumamosi hana mapumziko, kwa hiyo siku ya mkasa hakuwepo, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Mtoto tunaye mmoja, Naledi, miaka kumi na miwili, yuko darasa la saba. Kama watoto wetu wote waliozaliwa huku, Kiswahili anakisikia chote, hata ule umbea wa saluni tunaodhani haumfikii, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Mimi nami siku hizi Kiingereza nakisikia vizuri ila ulimi ni mzito, na Kizulu changu ni cha kazini, kaa hapa, inamisha kichwa, rudi baada ya wiki sita. Sasa nyie mnaoishi huku mnajua kinachofuata. Mtoto ndiye anakuwa mdomo wako. Kliniki unakwenda na mtoto, ofisi ya vibali unakwenda na mtoto, mwenye nyumba akija kufoka mtoto ndiye anasimama katikati. Naledi nilianza kumtembeza ana miaka saba.

Akiwa na miaka tisa aliniweza. Mwalimu wake aliniita shuleni, akaongea dakika tano nzima amekunja uso (wakati huo Kiingereza hata kukisikia sikukisikia), na Naledi, ambaye bado alikuwa anakiokoteza Kiswahili, akanigeukia akasema, "Mwalimu anasema mimi vizuri sana." Nikamshika mwalimu mikono yote miwili, nikamshukuru, nikacheka naye, kumbe mwanamke wa watu alikuwa analalamika kwamba mtoto anaongea darasani kama redio. Nilikuja kuujua ukweli kwa barua, wiki mbili baadaye. Siku hiyo nikamkalisha chini nikamwekea sheria. Ukinitafsiria, neno kwa neno. Hupunguzi, huongezi, hupambi. Hata nikikohoa, sema amekohoa. Na tangu siku ile, haki ya Mungu, mtoto yule hajawahi kupunguza kitu. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililonimaliza.

Haya, tuje kwenye simu. Naledi alipofika miaka kumi aliniambia saluni zote za mtaani ziko kwenye ule mtandao wa video fupi, sisi peke yetu hatumo, nikamwambia basi tuingize na sisi. Akafungua akaunti kwenye simu ya zamani ya baba yake aliyorithi, ikauliza mwaka wa kuzaliwa, akaandika wake, ikamkatalia. Mimi nilikuwa nimemsuka mteja nusu kichwa, nina haraka, nikaichukua simu nikaandika mwaka wangu mimi. Ikakubali. Basi, mtoto wa miaka kumi akawa huko mtandaoni ni mama mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, video za misuko zikaanza kupanda, na wateja wakaanza kuja mpaka wa kutoka Sandton kwa matajiri, wanashuka kwenye magari yao wamenyoosha simu, nataka hii hapa, nami nikawa namtangazia kila anayekaa kwenye kiti kwamba mwanangu ana akili. Ule mwaka sikuukumbuka tena.

Mwaka huu, jioni moja, kwenye simu ile kukawa na ujumbe wa mtu. Picha ni ya mvulana wa shule, anasema ana miaka kumi na minne, anamwuliza Naledi anasoma wapi, anatoka saa ngapi, nani anamfuata. Nilipousoma damu ilinichemka, nikaichukua simu, nikafoka mpaka jirani akazima televisheni yake asikilize, na simu nikaitumbukiza kwenye mkoba wangu nikafunga zipu. Kesho yake nikawasimulia wenzangu saluni kwamba nimemkamata mtoto. Ndilo neno nililotumia, nimemkamata, na kila niliposimulia upya nililitia mkazo zaidi.

Wiki tatu zikapita Naledi hanisemeshi. Si kwamba alininunia waziwazi, ukimwita anaitika, ukimtuma anakwenda, lakini jibu lilikuwa moja tu, "Yes, Mama," kisha mlango wa chumba chake unafungwa taratibu, na huo utaratibu ndio ulioniuma, afadhali angeubamiza nikapata cha kugombeza. Yule aliyekuwa redio ya nyumba alikuwa amezimika, na hakuna kilichonitesa kama kukaa na mwanangu meza moja nikawa namkosa. Nilijiambia ni ile mitandao imemharibu.

(Na hapa ngoja niseme na hili, maana nimeamua kusema yote. Ile simu niliyoifungia mkobani haikufungika sana. Mchana wateja wakipungua nilikuwa naitoa, naangalia video za kitchen party za kwetu nyumbani, zinazonifurahisha nazibonyezea moyo, bibi harusi anaingia amefunikwa, somo anamwaga maneno, ngoma inalia, na hii ikiisha nyingine inaanza yenyewe. Kila siku nilikuwa nasema naangalia moja tu.)

Ndipo ikasikika kwamba kuna mswada wa sheria, watoto walio chini ya miaka kumi na sita wasiruhusiwe kwenye mitandao ya kijamii, na wajumbe wa kamati watapita kusikiliza maoni ya wananchi, Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa jamii karibu kabisa na kwetu. Umoja wetu wa akina mama wa Kiswahili, Watanzania, Wakongo, Warundi na yule Mkenya wetu mmoja, ukakaa ukasema safari hii na sisi tusikike. Nani aongee? Wakanigeukia wote. Na mimi kwa kimbelembele nilichozaliwa nacho nikasema niachieni.

Tukapanga nitafsiriwe na Maman Furaha, fundi cherehani, Mkongo wa Bukavu, jirani yangu wa mlango wa pili, ambaye mitaani anaongea na kila mtu lugha yake. Kitenge changu cha siku hiyo alikishona yeye, mabega yamesimama kiasi kwamba mlangoni nilipita kiubavu. Naledi nikamchukua pia, nikamvalisha na sare ya shule ingawa ilikuwa Jumamosi, nilitaka wajumbe wamwone huyo mtoto tunayemzungumzia. Akaitazama sare, kisha akanitazama mimi, nikamwambia utajua mbele ya safari. "Yes, Mama."

Sasa uamuzi wenyewe ulioniponza ulikuwa mdogo, mdogo kabisa. Mlangoni kulikuwa na meza na karatasi ya kujiandikisha, jina, mtaa, lugha utakayotumia. Ningeandika Kiingereza, nikaunga sentensi zangu tatu, nikakaa, na leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini kalamu iliponifikia kiburi kikanipanda, nikaandika KISWAHILI, herufi kubwa. Dada wa mezani akasoma, akasema, "Eish, Mama, tuna wakalimani wa Kizulu, wa Kisotho na wa lugha ya alama. Kiswahili hatuna." Nikamwambia sharp, yaani sawa, usihangaike, nimekuja na wangu, nikageuka kumwonyesha Maman Furaha.

Maman Furaha alikuwa amechungulia ndani. Ameona watu walivyofurika, ameona meza ya wajumbe na kamera mbili.

"Maman Naledi," akaninong'oneza, "miye nitasema nini mbele ya bale bantu bote? Kingereza yangu ni ya kuuzisha nguo tu." Akaingia akakaa mstari wa nyuma kabisa, nyuma ya mzee mwenye kofia pana, asionekane.

Dada wa mezani akaniuliza basi anifute? Na mimi nimevaa mabega yale, na akina mama safu nzima wananitazama mimi. Pembeni yangu nikasikia sauti, kwa Kiingereza, "Nitafanya mimi." Alikuwa Naledi. Kwa wiki tatu hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza kuniambia lililozidi "Yes, Mama," nikafurahi mpaka akili ikanihama, sikujiuliza hata mara moja huyu anakwenda kutafsiri maneno gani na yanamhusu nani. Nikamwinamia nikamwambia kama ninavyomwambia siku zote.

"Neno kwa neno."

"Yes, Mama."

Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, miwani inaning'inia kwa mkufu, mpole wa sauti. Zamu yangu ikafika, tukasimama mbele ya kipaza sauti kimoja, mimi na mabega yangu, Naledi na sare yake. Nikaanza. Waheshimiwa, mimi ni mzazi. Naledi akaitoa kwa Kiingereza, sauti safi, haitetemeki, nami nikavimba. Nikasema nyumbani kwangu hakuna mchezo, nilimkamata mtoto wangu huyu wa miaka kumi na miwili na mtu wa kwenye ule mtandao wa video fupi, simu nikaipokonya siku ileile, na serikali sasa iwafanyie watoto wote kile nilichomfanyia wangu. Watu wakapiga makofi. Nikaona mambo si ndiyo haya, nikajiweka sawa, nikakohoa kidogo kusafisha koo.

"Amekohoa," Naledi akasema kwenye kipaza sauti.

Watu wakacheka kidogo. Nikamnong'oneza bila kugeuka, "Wewe, hilo acha." Naye akawaambia, "Anasema wewe, hilo acha." Wakacheka zaidi. Nikasema, "Naledi, mama, usinitie aibu," na lenyewe likaenda hewani lote, Naledi, mama, usinitie aibu. Nikamgeukia nione kama ananifanyia makusudi. Uso wake ulikuwa uleule wa kliniki, mkavu, wa mtu aliye kazini. Hapo nikaanza kuelewa kwamba sina pa kumsemesha mwanangu isipokuwa mbele ya ukumbi mzima, na kwamba sheria hiyo niliitunga mwenyewe.

Mwenyekiti akanishukuru, akasema ana swali dogo. Mtandao huo hata leo hauwapokei watoto wa chini ya miaka kumi na mitatu, na Mama amesema binti yake ana kumi na miwili, sasa aliingiaje?

Swali nililisikia vizuri, sikuhitaji mkalimani. Nikamtabasamia Mwenyekiti, na nikiwa bado nimetabasamu, kwa meno yaliyofungwa, nikamwambia Naledi, "Usiseme kwamba ni mimi niliyeujaza ule mwaka."

Naledi akasita. Ndiyo mara pekee aliyosita siku ile. Akanitazama kama mtu anayeuliza, Mama, una uhakika? Nami kwa ujinga wangu nikamkazia macho, nikimaanisha nyamaza, yeye akaelewa endelea. Akakisogelea kipaza sauti.

"Mama anasema nisiseme kwamba ni yeye aliyeujaza ule mwaka."

Jamani. Nilidhani bati linang'oka. Yule mzee wa kofia pana aliivua akawa anajipepea nayo, Maman Furaha akabaki hana pa kujificha, na mkalimani wa lugha ya alama naye, kwa kuwa ndiyo kazi yake, aliyachukua maneno yale akayapeleka kwa mikono, kwa hiyo hata wale wasiosikia wakanicheka, ila wao walinicheka nusu dakika baadaye. Nikaukumbatia mkoba wangu kifuani, unajua vile mwanamke anavyofanya akitafuta pa kushika, na mkoba ukanijibu.

Nilipokuwa foleni asubuhi ile nilikuwa nimeangalia moja tu. Nikaiachia katikati tulipoitwa, sikuizima. Sasa kwa kuukumbatia mkoba nikaibonyeza, na video ikaendelea ilipoishia, sauti imefunguliwa mpaka mwisho, vigelegele, ngoma, na somo wa bibi harusi akipaza, "Zungusha mwanangu, zungusha tena waone." Nikavuta zipu, zipu ikang'ata kitenge. Nikavuta tena. Bibi harusi akazungusha sana siku ile.

Mwenyekiti akauliza ile ni simu ya nani. Sikusema kitu. "Mama amenyamaza," Naledi akatafsiri. Mwenyekiti akamwuliza yeye, kwani unajua ni ya nani?

"Ni yangu," akasema. "Ile niliyopokonywa. Marafiki zangu shuleni wanasema siku hizi napenda sana video za harusi."

Watu walipochoka kucheka (ilichukua muda, sitawadanganya), Mwenyekiti akavua miwani akaifuta. Akasema, "Mama, usione haya, tungekagua simu za humu ndani wengi tungeondoka tumeinama." Kisha akasema tangu asubuhi wamesikiliza wazazi, walimu na wachungaji, sheria ni ya watoto na mtoto bado hajasikika. Akamwuliza Naledi kama anataka kusema lolote, kwa maneno yake mwenyewe sasa, si ya Mama.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Vicheko vinapita, kesho yake watu wana mengine ya kucheka. Nilichoogopa ni mwanangu asimame pale aseme mbele ya watu wote kwamba amenichoka, kwa sababu wiki tatu nzima mlango wake ulikuwa unaniambia hivyohivyo.

Naledi akakishusha kipaza sauti kikafika kimo chake. Akasema kwa Kiingereza, "Nitazungumza Kiswahili. Mama yangu atatafsiri." Kisha akanigeukia, na kwa lugha ambayo sikumbuki mara ya mwisho kuisikia kinywani mwake, akaniambia, "Mama. Neno kwa neno."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi sikatai sheria," akaanza. "Mimi nilikuwa mdogo sana kwa ile mtandao." Nikalitoa hilo, nusu Kizulu cha saluni, nusu Kiingereza cha kuunga, likapita.

"Lakini Mama anasema alinikamata. Hakunikamata. Mimi nilileta simu. Mimi mwenyewe nilikuja jikoni, Mama anapika, nikasema kwa Kiingereza, Mama angalia, huyu mtu anasema yeye ni mtoto lakini anaandika kama mtu mkubwa, mimi naogopa."

Ni kweli. Nilikuwa nakaanga samaki. Alisimama pembeni ya jiko amenyoosha mkono, simu iko kiganjani na mkono unatetemeka, na mimi kati ya vile viwili nilichukua simu. Nililijua hilo siku zote, ila neno nimemkamata lilinipendeza zaidi, linamfanya mama aonekane ana macho, na nilikuwa nimelirudia saluni mara nyingi mpaka nikaliamini. Sasa nifanyeje? Ningeweza kupunguza. Ukiacha akina mama wetu, nani pale angejua? Ningesema binti anasema anamshukuru mama yake, wajumbe wakatabasamu, tukaenda zetu. Nikamtazama Naledi, na uso wake haukuwa ule wa kliniki tena. Alikuwa ananisubiri.

Nikatafsiri. Nikasema sikumkamata, aliniletea mwenyewe, alikuwa anaogopa. Yote niliyasema.

"Mama alichukua simu, akapiga kelele. Hakuniuliza yule mtu alisema nini. Hakuniuliza kama mimi niko sawa. Wiki tatu. Sasa rafiki yangu amepata mtu kama yule, na yeye hasemi kwa mama yake, kwa sababu aliona mimi. Anasema ukisema, unakuwa ndiyo wewe umekosa."

Nikatafsiri, katikati nikasimama, Mwenyekiti akanisubiri, nikaendelea.

"Kwa hiyo naomba wekeni sheria yenu," Naledi akamalizia, "lakini muandike pia, mtoto akileta simu mwenyewe, asipigiwe kelele kwanza. Aulizwe kwanza."

Nikalitoa na hilo, na nikiwa nalitoa, machozi yananitiririka mpaka kwenye yale mabega, kifuani kwangu kulikuwa kumejaa kitu kingine kabisa, na kitu hicho kilikuwa fahari, siwezi kukiita jina lingine. Huyu ni wangu. Ana miaka kumi na miwili, amesimama mbele ya watu wa serikali na kamera mbili, hatetemeki, anaongea lugha ya bibi yake wa Morogoro kwa lafudhi ya Bertrams, ngeli zinagongana huku na huku, na sijawahi kusikia Kiswahili kitamu kama kile. Na alikuwa amekichagua mwenyewe, wakati Kiingereza chake kingewafikia wote bila msaada wangu. Alikichagua ili mimi nilazimike kumsikiliza mpaka mwisho.

Mwenyekiti aliandika. Nilimwona akiandika, kisha akamwuliza jina lake kamili liingie kwenye kumbukumbu za kikao, Naledi akalitaja, akasomewa tena aone kama limeandikwa sawa. Watu wakasimama wakapiga makofi, na akina mama wetu wakaachia vigelegele, vya kweli safari hii, si vya mkobani. Maman Furaha akatoka nyuma analia, anamwonyesha kila mtu kwa kidole, "Huyu mutoto ni wa kwetu."

Tukarudi kwa miguu, wawili tu. Kwenye robot ya kona, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, ilikuwa nyekundu, tukasimama.

"Mama," akasema, na ilikuwa kwa Kiswahili tena. "Uliongeza."

"Niliongeza nini?"

"Mimi sikusema samahani. Wewe katikati ulisema samahani. Mara mbili."

Sikuwa na habari kama nimesema. Nikamwambia hilo lilikuwa langu. Robot ikawa kijani, watu wakavuka, sisi tukabaki tumesimama palepale, akalifikiria kidogo, akasema, "Sharp," akanishika mkono, ndipo tukavuka.

Jioni ile mlango wa chumba chake haukufungwa. Alitusimulia yote ya yule mtu, mimi na baba yake tumekaa kitini tumefunga midomo (mwenzangu alifunga vizuri kuliko mimi), na Jumatatu tukaenda polisi kuripoti, Naledi akitafsiri. Kisha tukaitoa simu tukaiandikia mwaka wake wa kweli, na akaunti ikafungwa palepale, ikaondoka na misuko yote na harusi zangu zote. Niliumia zaidi kwa harusi, nakiri. Saluni sasa ina akaunti yangu mimi, kwa mwaka wangu, na Naledi kazi yake ni kuniambia nimeishika simu kichwa chini.

Sheria yao wanasema bado inajadiliwa, na mimi bado naiunga mkono. Ya nyumbani kwangu imeshapita, mtoto akikuletea jambo, zima jiko kwanza, kaa, muulize. Wajumbe wakirudi nitakwenda tena, nitaandika KISWAHILI tena kwa herufi kubwa, na mkalimani ni yuleyule. Ila simu nitaiacha nyumbani, na nikisikia kikohozi kinakuja nitakimeza.